Jumuiya ya Wafuga Chaza: Kazi Zake na Namna ya Kuianza

Kila kikundi kipya cha ufugaji kikiundwa huku kwetu Ghuba ya Menai, hazipiti siku nyingi atakuja mtu kuniuliza: "Bi Katibu, sisi kikundi tunacho, hiyo jumuiya ya nini tena?" Namuelewa. Ana kadi ya kikundi, anachangia kila wiki, semina kashahudhuria za kutosha, na nyumbani ana watoto wanamsubiri. Hataki mzigo mwingine. Basi naandika hapa yale ninayowaeleza watu ana kwa ana, ili wenzetu wa Pemba, wa Mafia na wa Kwale wanaofuga chaza wa kula nao wayapate.

Msimamo wangu ni huu: jumuiya, yaani umoja wa vikundi vyote vya ghuba moja, ifanye zile kazi tu ambazo kikundi kimoja hakiziwezi hata kikiwa na watu hodari namna gani. Kukwangua chaza, kufunga kamba, kubandika viini vya lulu, kutengeneza vidani na hereni, kutafuta mteja, yote hayo ni ya kikundi na yabaki kwenye kikundi. Jumuiya ishike maji, ishike daftari, ishike kipimo cha ubora, na iende kuzungumza na wakubwa. Jumuiya nilizoziona zikifa zilifanya kinyume chake. Zilifungua duka, zikanunua boti, halafu watu wakagombana juu ya boti huku bomba la maji machafu likimwaga pwani na hakuna aliyeandika hata barua.

Maji kwanza

Chaza hawekewi chakula. Anavuta maji, anachuja vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, anayatoa. Chaza mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani anatajwa kuchuja hadi lita 190 kwa siku, hali ikiwa nzuri. Kwa hiyo chochote kilichomo majini kinapita tumboni mwake, na choo cha binadamu kimo humo. Samaki ukimpata kwenye maji machafu, ukamtoa matumbo, ukamkaanga, umesalimika. Chaza analiwa mzima na matumbo yake, na wageni wengi wanamla mbichi.

Huko Marekani walilipa bei kubwa kulijua hili. Mwishoni mwa 1924 homa ya matumbo ilizuka Chicago, New York na Washington, ikafuatiliwa mpaka kwenye chaza waliokaa kwenye maji yenye uchafu. Waliugua watu wapatao 1,500 na karibu 150 wakafa. Wanunuzi hawakuuliza chaza huyu katoka kwa nani. Waliacha kula chaza, basi, na mwenye maji safi akafilisika sawa na mwenye maji machafu. Mwaka 1925 serikali kuu, majimbo na wafanyabiashara wa chaza wakakaa pamoja, na kikao kile ndicho kilichozaa utaratibu wa kupima na kuruhusu maeneo ya mashamba ambao nchi ile inautumia mpaka leo.

Wala si habari za zamani tu. Tarehe 27 Disemba 2023, katikati ya sikukuu ambazo Wafaransa hula chaza kuliko wakati wowote wa mwaka, mamlaka za Ufaransa zilizuia chaza wote wa ghuba ya Arcachon. Watu walikuwa wanaharisha na kutapika kwa kirusi cha noro. Mvua zilikuwa kubwa, mifumo ya maji taka ikazidiwa, uchafu ukaingia baharini. Zuio halikuondolewa mpaka tarehe 19 Januari 2024. Wafugaji hawakuwa na kosa lolote, na walidai walipwe hasara yao. Sasa jiulize: ingekuwa huku, nani angedai? Mama mmoja mwenye kamba zake chache?

Kazi ya kwanza ya jumuiya, basi, kabla hata ya kuchagua mwenyekiti, ni kuijua pwani yenu. Fanyeni hivi. Subirini bamvua, maji yakipwa sana asubuhi, mtembee pwani yote yenye mashamba, kikundi kwa kikundi, na daftari mkononi. Kila mnapokuta bomba, mfereji, mdomo wa mto, choo cha shimo karibu na maji, zizi la ng'ombe, dago la wavuvi, hoteli au nyumba mpya inayojengwa, andikeni. Andikeni iko wapi, iko mbali kiasi gani na shamba la karibu, na maji ya hapo yanakwenda upande gani yakijaa na yakipwa. Wazee wavuvi wanalijua hilo la mwisho kuliko ramani yoyote, kaeni nao. Rudieni matembezi haya wakati wa masika, maana mfereji mkavu wa Januari ni mto mwezi wa Aprili.

Kazi hii haina gharama ila miguu, na inatoa kitu ambacho hakuna kikundi kimoja kingekipata: picha ya ghuba nzima. Hifadhi ya Ghuba ya Menai ilianzishwa mwaka 1997, ina kilomita za mraba 470, na vijiji vyake vimo katika wilaya tatu: Magharibi B, Kati na Kusini. Uchafu wa wilaya moja unaogelea kwenda wilaya nyingine bila kuomba kibali. Sheha wa kijiji chenu hana mamlaka juu ya bomba la shehia ya pili. Jumuiya inaweza kuwakalisha masheha wote meza moja.

Ukishajua pwani, ndipo upimaji. Nendeni kwa wataalamu, huku Unguja tunao Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, muwaombe mpango wa kupima maji na nyama ya chaza. Sampuli ni kazi ya kuichukulia kwa makini. Chupa itoke maabara ikiwa imefungwa na kutakaswa. Usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Elekea upande maji yanakotokea, uso wako ukabili mkondo, uizamishe chupa chini kidogo ya uso wa maji, uijaze, uifunge humo humo. Andika saa, mahali, hali ya maji na lini mvua ilinyesha mara ya mwisho. Iweke kwenye barafu, ifike maabara siku hiyo hiyo. Mkimtuma kijana mwenye bodaboda, mfundisheni kwanza, asije akapitia sokoni.

Matokeo yakija, myasome hivi. Ulaya wanahesabu bakteria wa kinyesi, aina ya E. koli, katika gramu 100 za nyama ya chaza na maji yake. Eneo ambalo sampuli zake kwa kawaida hazizidi 230, chaza wake wanaweza kwenda sokoni moja kwa moja kuliwa wabichi. Zaidi ya hapo mpaka 4,600, lazima kwanza wasafishwe ndani ya matangi ya maji safi, au wahamishiwe kwenye maji safi wakae, au wapikwe. Sipendekezi jumuiya ya huku ijitungie viwango vyake vya kubahatisha. Shikeni viwango vya mamlaka ya chakula, na pale mnapouza kwa hoteli zenye wageni wa Ulaya, wapishi wao wanavijua hivi hivi nilivyotaja.

Na wekeni sheria ya mvua. Mvua kubwa ikinyesha, chaza wa kula wasivunwe mpaka jumuiya itangaze, na tangazo liwe moja kwa ghuba nzima. Kikundi kimoja kikifunga na jirani akavuna, aliyefunga amepoteza siku na hakuna aliyenusurika. Wenye chaza wa lulu hili haliwahusu sana, lakini nao nawaomba wasile wala wasigawe ile nyama.

Daftari na kadi

Nilipeleka chaza wa kula kwenye hoteli moja ya kusini, na mpishi mkuu wao, kijana wa Tanga, akanipokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi. Hawa wametolewa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Alfajiri ya leo."

"Nionyeshe."

Nikamkabidhi kadi iliyofungwa kwenye gunia. Aliisoma yote: jina la kikundi, namba ya mfugaji, namba ya kamba, tarehe na saa waliyotoka majini, saa waliyoingia kwenye barafu, idadi. Akaikunja akaitia mfukoni, ndipo akafungua gunia. Wapishi wengine wawili walikuwa wanatazama. Tangu hapo hoteli ile haijaniuliza tena kwa maneno. Wanapokea kadi, wanapokea mzigo.

Huko Marekani kadi ya namna hii ni sheria, na mkahawa unatakiwa kuihifadhi siku 90 baada ya kuuza chaza wa mwisho wa gunia lile. Sababu yake ni kwamba mtu akiugua, afisa afya afuate kadi mpaka kwenye shamba moja, afunge shamba lile, na wengine waendelee na kazi. Bila kadi atafunga pwani nzima. Hapo ndipo ninapowaambia akina mama wanaolalamika kwamba kuandika kunawachosha: kadi hii inamlinda zaidi yule asiye na kosa.

Kwa nini kadi iwe ya jumuiya na isiwe ya kila kikundi? Kwa sababu mpishi hawezi kujifunza kadi za namna saba. Chapisheni kadi moja, ya karatasi ngumu au plastiki isiyoloa, wino usiofutika, na namba zifuatane. Kila kikundi kichukue kitabu chake na kirudishe vishina. Katibu wa jumuiya ahamishie vishina kwenye daftari kubwa kila mwisho wa mwezi. Kama kuna kijana anayejua kompyuta, sawa, aingize na humo, lakini daftari la karatasi libaki, maana simu huibiwa na umeme hukatika.

Kwenye kadi hiyo hiyo wekeni mstari wa ubaridi. Chaza aliyetoka kwenye maji yetu ya moto akiachwa juani, vijidudu vya baharini ndani yake vinazaana haraka mno. Vuneni alfajiri, gunia liwe na maji na kivuli njiani, barafu iwasubiri pwani na si nyumbani. Wamarekani wanataka nyama ishushwe mpaka nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya saa chache, na miezi ya joto wanapunguza saa hizo. Sisi mwaka mzima ni miezi ya joto.

Kipimo cha lulu

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Tangu katikati ya miaka ya 2000, wataalamu walipojaribu ufugaji wa lulu pamoja na akina mama wa Bweleo, Nyamanzi na Unguja Ukuu, kazi kubwa huku imekuwa nusu lulu. Anachukuliwa chaza mkubwa wa aina ya Pteria penguin au Pinctada margaritifera, anapachikwa kabari ndogo mdomoni asifunge, kisha viini vyenye umbo la nusu duara vinabandikwa kwa gundi upande wa ndani wa gamba. Anarudishwa kwenye kamba. Taratibu anavifunika kwa tabaka lile lile linalong'aa ndani ya gamba lake. Inachukua miezi tisa mpaka mwaka. Muda wote huo anahitaji kukwanguliwa, maana sifongo, chaza wadogo na majani ya baharini yanamuota mgongoni na kumlemea, na kaa na konokono wanamwinda.

Miezi tisa ni mirefu kwa mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Kwa hiyo wapo wanaovuna mwezi wa sita. Nusu lulu ya mwezi wa sita ukiitazama juu juu inapendeza, na mtalii anayepita ataitolea pesa. Lakini ichukue kwa vidole viwili, isogeze dirishani, uiinamishe polepole. Pembeni, pale inapokutana na gamba, utaona duara jembamba lililofifia, na chini ya mng'aro utaona weupe wa kiini kama umekaa nyuma ya pazia. Tabaka halikushika. Ikivaliwa miezi michache, ikaguswa na jasho na manukato, itachubuka. Mnunuzi huyo yuko Ujerumani au Afrika Kusini, na anachokisema kwa marafiki zake hasemi "lulu ya mama fulani". Anasema lulu ya Zanzibar.

Hii ndiyo kazi ya jumuiya ambayo siwezi kuisisitiza vya kutosha. Kubalianeni muda wa chini kabisa wa kukaa majini, na upangwe kwa rekodi. Siku kiini kinapobandikwa, namba ya chaza na tarehe viandikwe, na kibandiko cha namba kifungwe kwenye kamba. Wakati wa kuvuna, kamati ya ubora ya watu watatu kutoka vikundi tofauti, asiwemo hata mmoja wa kikundi kinachovuna, wakae mezani mwanga wa asubuhi, si wa taa, wapange lulu kwa madaraja. Waangalie mng'aro: je, unaona sura ya dirisha juu yake ikiwa na mipaka, au ni ukungu tu? Waangalie tabaka pembeni, kama nilivyoeleza. Waangalie mabaka na vishimo, kisha umbo. Rangi iwe ya mwisho, maana rangi ni ya mapenzi ya mtu. Daraja la kwanza lipate cheti cha jumuiya na muhuri. La pili liuzwe bila cheti kwa bei yake. La tatu lisiuzwe kama lulu. Likatwe na gamba lake liwe vifungo au mapambo, gamba lenyewe lina thamani.

Mzozo utatokea. Mama aliyesubiri mwaka mzima akiambiwa lulu zake nusu ni daraja la pili, atalia, na mimi nimeona wakilia. Wekeni njia ya rufaa: apeleke lulu zile zile kwa kamati nyingine, bila jina, zimechanganywa na za watu wengine. Wakitoa daraja lile lile, limekwisha. Msikubali daraja libadilishwe kwa huruma, na kamwe mtu wa kamati asiwe mnunuzi.

Bei nayo watu huniuliza sana. Jumuiya isipange bei kamili. Iweke bei ya chini kwa kila daraja, ambayo hakuna kikundi kitashuka chini yake, na iirekebishe kila mwaka kwa kuhesabu gharama: viini, gundi, kamba, maboya, nauli ya boti, na saa za watu. Saa za watu zihesabiwe! Tulioanza na mwani tunajua. Mwani wa biashara ulianza Unguja mwaka 1989, ukawatoa wanawake wengi kwenye umasikini wa kuomba kila kitu kwa mume, na nauheshimu kwa hilo. Lakini bei ya mwani mkavu inatajwa na mnunuzi, nawe unapokea, kwa sababu kila mmoja anapeleka gunia lake peke yake. Chaza ni wachache bado na wafugaji tunajuana kwa majina. Tukichelewa kukubaliana sasa, tukiwa wengi hatutaweza.

Mbegu

Kwa kifupi. Chaza wadogo wengi tunawapata kwa kutundika kamba kuukuu na vipande vya nyavu majini wajishike wenyewe, na wengine wanaokotwa miambani. Jumuiya iweke mambo mawili. Kwanza, maeneo ya kutookota, yakubaliwe na kijiji kizima wakiwemo wanaookota kombe kwa kitoweo, kama vijiji vya Fumba na Bweleo vilivyowahi kutenga maeneo yao. Mkiwafungia wenzenu bila kuwaita mkutanoni, usiku watakuja na wana haki ya kukasirika. Pili, hakuna kuhamisha chaza hai kutoka pwani nyingine bila ruhusa ya idara ya uvuvi. Ufaransa mwaka 2008 na Tasmania mwezi wa Januari 2016 kirusi cha herpesi cha chaza kiliua chaza wachanga kwa wingi wa kutisha, na chaza anayehamishwa hubeba ugonjwa huku kwa macho anaonekana mzima.

Kusema na wakubwa

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka pwani ya magharibi ya Marekani. Kuanzia mwaka 2007 vituo vya kutotoa mbegu za chaza katika majimbo ya Oregon na Washington vilianza kupoteza vifaranga kwa mamilioni. Walidhani ni bakteria. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon wakishirikiana na kituo kimoja kilichopo ghuba ya Netarts wakagundua kuwa maji ya kina kirefu yaliyokuwa yakipanda juu yalikuwa na tindikali iliyozidi, na vifaranga walishindwa kujenga gamba. Dawa waliyoipata ni rahisi kuielewa: kujaza matangi alasiri, wakati majani ya baharini yameshapunguza ile tindikali kwa kutumia jua, na kutia magadi kidogo kwenye maji. Lakini ili kujua saa ya kufungua bomba lazima uwe na vipimo kila siku, na vyombo hivyo ni ghali. Jumuiya ya wafugaji wa pwani ile, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilisimama na wanasayansi, ikaenda kwa wabunge, na fedha za vipimo zikapatikana. Mwenye kituo angeenda peke yake angeambiwa ana hasara ya biashara yake.

Nanyi mkienda wizarani, huku kwetu Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, msiende na malalamiko ya mdomo. Andikeni barua ya ukurasa mmoja. Mimi hutumia mpangilio huu:

"Sisi wafugaji wa vikundi (majina), wanachama (idadi), tuna mashamba katika eneo (mahali). Tarehe (…) na (…) tulichukua sampuli za maji na chaza sehemu (…). Maabara ya (…) ilipima na kupata (…), wakati kiwango kinachokubalika ni (…). Sampuli ya upande wa pili wa eneo hilo hilo ilipata (…). Tunaambatanisha majibu ya maabara na ramani. Tunaomba mambo mawili: (…) na (…), kabla ya masika. Tumemtumia nakala Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mwakilishi wa jimbo, masheha wa shehia (…) na wahusika wenyewe."

Ombi lisizidi mambo mawili. Mkiomba nane, watawatimizia lile rahisi, la kuwapa semina. Na yule mwenye bomba apate nakala mapema, aitwe kikaoni kwa heshima. Tuliwahi kuwa na shida ya namna hii na jengo moja la wageni. Meneja wake alipoona namba za maabara, alikuja mwenyewe na fundi. Angekutana kwanza na jina lake redioni, angekuja na mwanasheria.

Hela

Ufaransa, tangu mwaka 1991, sheria inamlazimisha kila mfugaji wa chaza kuwa mwanachama wa kamati za kitaifa na mikoa na kulipa mchango. Sisi hatuna sheria hiyo, kwa hiyo mchango lazima uwe na haki machoni pa mtu. Ada moja kwa wote inamuumiza mdogo. Napendekeza ada ndogo ya kuingia na asilimia tano ya mauzo yenye kadi au cheti: kidani kikiuzwa shilingi 40,000, jumuiya inapata 2,000. Asiyeuza halipi. Na kwa kuwa asiyetumia kadi hapati cheti, mtu anaona anachokilipia.

Kutoa fedha benki kuwe na saini tatu, wasiwe ndugu. Hesabu zisomwe mkutanoni kwa sauti, shilingi kwa shilingi, halafu karatasi ibandikwe ubaoni kwa Sheha. Fedha za wafadhili zikija, ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake. Msilipe kwa fedha za mradi kazi ambazo lazima ziendelee mradi ukiisha, hasa kupima maji. Upimaji ulipwe na mfuko wenu hata kama ni mara mbili kwa mwaka tu.

Mikutano na usajili

Usajili usiwatishe, ila usiwe wa kwanza. Tembeeni pwani, pimeni, chapisheni kadi, msimu mmoja mzima. Mtakaobaki baada ya hapo ndio wanachama. Kisha nendeni kwa Sheha awape barua, ofisi ya ushirika ya wilaya iwaelekeze katiba na ada, na ofisi ya hifadhi ipewe nakala. Katiba iseme kila kikundi kina kura moja bila kujali ukubwa, na kwamba angalau mmoja kati ya mwenyekiti na katibu awe mwanamke anayeingia majini mwenyewe. Nimeandika "anayeingia majini" makusudi. Nimeona viti vya wanawake vikikaliwa na wasiojua kamba ya chaza ina uzito gani.

Mikutano iwekwe maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana. Bamvua wanawake wako pwani tangu asubuhi, na mkutano wa bamvua utajaa wanaume na wenye maduka, watapitisha mambo ya watu wasiokuwepo. Kalenda ya mwaka mzima itolewe Januari kwa kufuata mwezi, na ajenda ya kwanza ya kila kikao iwe majibu ya maji. Kiongozi akimaliza muda wake, akabidhi mbele ya mkutano: daftari kubwa, vitabu vya kadi na vishina vyake, muhuri, majibu yote ya maabara kwa mpangilio wa tarehe, na namba za siri za simu ya jumuiya. Mpokeaji ahesabu kadi moja moja kabla ya kutia saini.